Merlot au Cabernet Sauvignon: moja huiva mapema, nyingine hutaka subira

Ukisimama mbele ya rafu ya mvinyo mwekundu, majina mawili yatakurudia machoni kuliko mengine: Merlot na Cabernet Sauvignon. Muulize aliye karibu nawe tofauti yake, atakujibu kwa maneno manne: "Merlot laini, Cabernet kali." Si uongo. Kasoro ya jibu hilo ni kwamba halisemi kwa nini, na asiyejua kwa nini hatajua ni lini litamwangusha. Mimi nimeshakunywa Merlot iliyonibana fizi hadi nikaomba maji, na nimeshakunywa Cabernet iliyoteleza kama maziwa. Lebo za chupa zote mbili zilisema kweli.

Baada ya kupotea njia mara kadhaa nimebaki na ufunguo mmoja, nao hunisaidia kuliko orodha ndefu za harufu: muda. Merlot huiva mapema, Cabernet Sauvignon huchelewa. Wiki moja au mbili za kupishana shambani zinaifuata kila zabibu hadi kwenye pipa, hadi kwenye chupa, hadi kwenye glasi. Kwa hiyo nikiwa dukani sijiulizi tena ipi ni bora. Najiuliza leo nina subira kiasi gani.

Mzazi mmoja wanachangia

Kwa muda mrefu watu walidhani Cabernet Sauvignon ni zabibu ya kale sana, pengine ya mwituni, kwa kuwa jina Sauvignon linakaribiana na neno la Kifaransa la "mwitu". Mwaka 1997 John Bowers na Carole Meredith wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha uchunguzi wa vinasaba uliomaliza ubishi. Wazazi wake ni Cabernet Franc, zabibu nyekundu, na Sauvignon Blanc, ambayo ni nyeupe. Kumbe mvinyo unaosifiwa kwa weusi na uzito wake una mzazi mweupe! Ukishajua hilo, ile harufu ya pilipili hoho mbichi inayojitokeza kwenye Cabernet fulani haikushangazi tena. Wazazi wote wawili wanayo.

Merlot nayo ni mtoto wa Cabernet Franc, ila kwa mama mwingine, na huyo mama alipotea kwa muda mrefu. Watafiti wa Ufaransa walimtangaza mwaka 2009: ni Magdeleine Noire des Charentes, mzabibu uliokuwa umesahaulika kabisa, ukibakiza mashina machache huko Bretagne na Charentes, mengine yakitambaa mbele ya nyumba za vijijini. Jina hilo lina maana yake. Wenyeji waliuita kwa jina la Maria Magdalena kwa sababu zabibu zake ziliiva karibu na sikukuu yake, tarehe 22 Julai, ambayo ni mapema mno kwa zabibu. Haraka ya Merlot ni ya kurithi.

Jina Merlot lenyewe hudhaniwa limetoka kwa ndege mweusi ambaye Wafaransa humwita *merle*. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya rangi, wengine kwa sababu ndege huyo hupenda kuzidokoa zabibu zikiiva. Mimi naegemea maelezo ya pili. Tunda linaloiva kabla ya wenzake halikosi ndege.

"Mkali" maana yake nini hasa?

Hapa ndipo watu wengi huchagua vibaya. Mtu akikunja uso baada ya funda la kwanza husema "mkali", basi. Lakini neno hilo moja limebeba mambo matatu, na zabibu hizi mbili hazilingani katika yote matatu.

Kuna ukali wa pombe, lile joto linaloshuka kooni mpaka kifuani. Kuna uchachu, kazi ya asidi, unaojaza mate pembeni mwa ulimi kama umeuma limau. Halafu kuna ukakasi: ulimi unakuwa kama umepakwa vumbi la chaki, fizi zinakauka, mdomo unagoma kuteleza juu ya meno. Ukakasi wa ndizi mbichi unaujua, na wa chai nyeusi iliyosahauliwa kwenye birika pia. Chanzo chake kwenye mvinyo ni tanini, zinazotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kwa kiasi fulani kwenye mbao za pipa. Tanini hukamata protini za mate, mate yakapoteza utelezi wake, nawe ukahisi ukavu hata kama umejaza mdomo kinywaji.

Neno "mkavu" nalo huleta mkanganyiko. Kwenye lugha ya mvinyo, mkavu ni ule ambao sukari yake yote, au karibu yote, imegeuzwa na hamira kuwa pombe. Haina uhusiano na fizi zako. Merlot nyingi na Cabernet nyingi ni kavu kwa maana hiyo. Utamu unaousikia kwenye Merlot mara nyingi unatoka puani: harufu ya tunda lililoiva sana humdanganya mtu kwamba kuna sukari. Zipo chupa, hasa zile za kuuzwa kwa wingi, zinazoachiwa sukari kidogo makusudi ili zipendwe haraka, na ukizoea hizo, Merlot halisi itakushtua.

Sasa tuzilinganishe kwa mizani hiyo. Ukakasi: Cabernet inazidi, na kwa mbali. Uchachu: Cabernet inazidi kwa kawaida, maana Merlot ikishaiva asidi yake hushuka upesi. Joto la pombe: hapa ndipo "Merlot laini" huanguka. Zote mbili hucheza kati ya asilimia 13 na 15, na kwa kuwa Merlot hukusanya sukari upesi, Merlot ya eneo lenye jua kali yaweza kukuwakia kooni kuliko Cabernet ya eneo la wastani. Kama kinachokusumbua ni hilo joto, usitazame jina la zabibu. Tazama asilimia iliyoandikwa kwa herufi ndogo kwenye lebo.

Huko shambani

Punje za Cabernet Sauvignon ni ndogo, ganda lake nene, na mbegu zimechukua nafasi kubwa ukilinganisha na nyama ya tunda. Punje za Merlot ni kubwa kidogo, ganda jembamba, juisi zaidi. Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: maganda mengi ndani ya juisi kidogo, rangi nzito na tanini nyingi. Mtengenezaji anaweza kupunguza au kuongeza kwa muda anaoyaacha maganda humo na kwa joto la pipa la kuchachulia, lakini hawezi kulibadilisha tunda aliloletewa.

Ganda nene ni koti la mvua. Cabernet huchelewa kuchipua, hivyo mara nyingi hukwepa jalidi, ile baridi ya alfajiri inayounguza machipukizi mwanzoni mwa msimu. Kisha huchelewa kuiva, na mvua za mwisho wa msimu zikija haishikwi na ukungu kirahisi. Merlot iko kinyume. Huchipua mapema ikakutana na jalidi, maua yake huweza kupukutika hali ya hewa ikiwa mbaya, na ganda lake jembamba huoza upesi. Baridi kali ya Februari 1956 iliua mizabibu mingi mno Bordeaux, eneo la mvinyo la kusini-magharibi mwa Ufaransa, na mashamba ya Merlot ya Pomerol na Saint-Émilion yaliumia vibaya.

Mbona basi wakulima waliendelea kuipanda? Kwa sababu Cabernet isipoiva haifai. Ndani yake kuna kemikali ziitwazo pirazini, zile zile zinazolipa pilipili hoho harufu yake, na hupungua kadiri zabibu zinavyopata jua na siku. Mwaka ukiwa wa baridi, Cabernet hubaki na ubichi na tanini za kukwaruza. Mkulima mwenye Merlot alishavuna. Hiyo ndiyo asili ya mchanganyiko wa Bordeaux, Cabernet na Merlot ndani ya chupa moja: kabla ya kuwa sanaa ulikuwa bima. Jalidi ikiichukua Merlot, Cabernet ipo. Msimu ukikatika mapema, Merlot iko tayari ghalani.

Udongo nao huamua. Mto Garonne na mto Dordogne hukutana na kuwa Gironde, na watu wa huko hugawa mashamba yao kwa ukingo. Ukingo wa kushoto, kwenye Médoc, kuna changarawe nyingi. Changarawe hupitisha maji na kutunza joto la mchana, nayo Cabernet hupata ile nguvu ya ziada ya kumalizia kuiva. Ukingo wa kulia, Pomerol na Saint-Émilion, kuna mfinyanzi na mawe ya chokaa. Mfinyanzi ni baridi na hushika maji, Cabernet ingesota humo, ila Merlot inapenda: baridi ya udongo huizuia isikimbie mno. Shamba la Pétrus, hekta 11 na ushee tu, limekaa juu ya mfinyanzi wa rangi ya samawati na mvinyo wake ni Merlot. Ni miongoni mwa chupa ghali kuliko zote duniani. Anayedhani Merlot ni zabibu ya wanaoanza aanzie hapo kusahihishwa.

Kwa ukubwa wa mashamba, Cabernet inaongoza. Takwimu za OIV, shirika la kimataifa la mizabibu na mvinyo, zilionyesha hekta 341,000 za Cabernet Sauvignon na hekta 266,000 za Merlot kwa mwaka 2015. Bordeaux kwenyewe, jambo ambalo wengi hawalijui, Merlot ndiyo nyingi.

Puani na mdomoni

Cabernet Sauvignon hunukia karanti nyeusi. Hata kama hujawahi kulila tunda lenyewe, umekutana na ladha hiyo kwenye juisi na peremende za rangi ya zambarau. Nyuma yake huja mnanaa, mti wa mwerezi, penseli iliyotoka kuchongwa, na ikizeeka, tumbaku na ngozi. Merlot ni plamu na cheri nyeusi, chokoleti kidogo, wakati mwingine majani makavu. Ya eneo la baridi hukaribia tunda jekundu na bichi, ya eneo la joto hukaribia jamu.

Ila mimi siamini sana harufu kama njia ya kutofautisha. Vanila, kahawa, moshi, nazi: hivyo ni vya pipa la mwaloni, na zabibu zote mbili hulazwa humo, mara nyingi kwenye mapipa ya lita 225 ya mtindo wa Bordeaux. Nimewaona watu wakisema "napenda Cabernet" kumbe wanachopenda ni mbao.

Tegemea umbo. Funda la Cabernet huingia na tunda, kisha katikati linalegea kidogo, kisha linakaza mwishoni kwa ukakasi unaobaki. Watengenezaji huifananisha na donati: kingo zipo, katikati shimo. Merlot hujaza katikati. Huingia kwa upole, hunenepa palepale juu ya ulimi, huondoka bila kugombana. Ndiyo maana hao wawili hufungishwa ndoa mara kwa mara, mmoja akiwa mifupa na mwingine nyama.

Na bado, ukificha lebo, hata wazoefu huzichanganya. Ushahidi mzuri uko Chile. Kwa zaidi ya karne moja wakulima wa huko walilima na kuuza Merlot ambayo sehemu kubwa haikuwa Merlot. Tarehe 24 Novemba 1994 Mfaransa Jean-Michel Boursiquot, mtaalamu wa kutambua mizabibu, alitembelea shamba moja na kutamka kwamba mashina aliyokuwa akionyeshwa ni Carménère, zabibu ya Bordeaux ambayo Wafaransa waliona kama imewatoka. Carménère huiva wiki kadhaa baada ya Merlot. Fikiria kilichokuwa kikitokea miaka yote hiyo: mbili hizo zilivunwa siku moja, moja ikiwa bivu na nyingine bichi, na watu wakaamini kwamba Merlot ya Chile kwa asili yake hunukia pilipili hoho.

Nani anazeeka vizuri

Tanini na asidi ndizo zinazoubeba mvinyo miaka mingi, na Cabernet imejaliwa zote. Tanini zikikaa chupani hubadilika, baadhi huungana na kutuama kama machicha, na ukakasi hupoa. Cabernet nzuri huhitaji miaka mitano hadi kumi ili ianze kuongea, na zilizo bora hupita 20. Merlot nyingi zimetengenezwa zinywewe ndani ya miaka michache ya mwanzo. Nimesema nyingi. Za Pomerol zilizo bora huishi miongo.

Kisa kinachopendwa kuhusu subira ya Cabernet ni cha Paris. Tarehe 24 Mei 1976 muuza mvinyo Mwingereza, Steven Spurrier, aliwakalisha waamuzi wa Kifaransa waonje bila kuona lebo, mvinyo wa California dhidi ya wa Ufaransa. Kwa wekundu, wa kwanza ulitoka Napa, bonde la California: Stag's Leap Wine Cellars wa mwaka 1973, mbele ya Mouton Rothschild wa 1970. Wafaransa wakajitetea kwamba Cabernet ya California hupendeza ikiwa changa, ya Bordeaux huhitaji kungojwa. Basi ikangojwa. Mwaka 2006, miaka 30 baadaye, mivinyo ile ile ikaonjwa tena, na nafasi tano za juu zote zikaenda California, kinara akiwa Ridge Monte Bello wa 1971. Subira ilikuwa ya zabibu, haikuwa ya nchi.

Kwa mnywaji wa kawaida, kisa hicho kina maana moja ya vitendo. Chupa ya Cabernet ambayo mwaka wake wa mavuno ni wa juzi, kutoka mahali palipozoea kutengeneza mvinyo wa kuhifadhi, itakukatisha tamaa leo usiku. Si mbaya, haijafika tu. Kama huna mahali penye giza na ubaridi usiobadilika pa kuiweka, muachie mwingine.

Aibu iliyoipata Merlot

Mwishoni mwa karne iliyopita Merlot ilipendwa kupita kiasi. Mwaka 1991 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilitangaza kwamba huenda mvinyo mwekundu ndio unaowalinda Wafaransa na magonjwa ya moyo. Watu ambao hawajawahi kugusa mvinyo wakaingia madukani, wakataka mwekundu usiowakwaruza, na jina Merlot lilikuwa rahisi kutamka. (Habari ya tiba ichukue kwa tahadhari. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara kwa afya.) Huko California mizabibu ikapandwa haraka haraka, hata mahali pasipofaa, na soko likajaa mvinyo mwepesi, mtamutamu, usio na sura.

Kisha mwaka 2004 ikatoka filamu ambayo mhusika wake mkuu anaapa kwamba hanywi Merlot kabisa. Mauzo yakaguswa, na watu wakaanza kuona aibu kuitaja mezani, huku Pinot Noir, zabibu nyekundu nyingine, ikipanda chati. Kichekesho ni kwamba chupa anayoitunza mhusika huyo kama mboni ya jicho ni Cheval Blanc ya 1961, mchanganyiko wa Cabernet Franc na Merlot.

Aibu hiyo imekuwa faida kwa mnunuzi mjanja. Waliokuwa wakilima Merlot kwa kufuata mkumbo walizing'oa, wakabaki wanaoipenda. Kwa pesa ile ile, mara nyingi napata Merlot iliyotengenezwa kwa makini zaidi kuliko Cabernet, kwa kuwa jina Cabernet hujiuza lenyewe.

Kusoma lebo bila kudanganywa

Jina la zabibu kwenye lebo halimaanishi asilimia mia. Nchi za Umoja wa Ulaya hudai angalau 85 kwa mia iwe zabibu iliyotajwa, Marekani 75. Kwa hiyo Cabernet ya California inaweza kuwa na robo nzima ya Merlot ndani yake kihalali, na pengine ndiyo sababu uliipenda.

Bordeaux kwa desturi huandika mahali na kuiacha zabibu. Ukiona Pauillac, Margaux, Saint-Julien au Saint-Estèphe, hiyo ni ardhi ya Cabernet. Pomerol na Saint-Émilion ni Merlot ikisaidiwa na Cabernet Franc. Ukiona "Bordeaux" tupu, uwezekano mkubwa ni Merlot nyingi. Usitegemee ule uainishaji mashuhuri wa 1855, orodha ya kupanga mashamba ya Bordeaux kwa madaraja, ukuongoze upande wa kulia: Pomerol haimo kabisa. Nje ya Ufaransa, Cabernet ina makao yake Napa, bonde la Maipo huko Chile, Coonawarra ya Australia yenye udongo mwekundu juu ya chokaa, Stellenbosch huko Afrika Kusini, na Bolgheri ya Italia. Merlot itafute jimbo la Washington, tena Bolgheri, kaskazini-mashariki mwa Italia, na Ticino huko Uswisi, ambako ndiyo zabibu kuu na hutengenezwa hata mvinyo mweupe kutokana nayo.

Joto la dunia linapindua mambo haya taratibu. Haraka iliyokuwa sifa ya Merlot sasa huivisha sukari kabla ladha haijakamilika, na alkoholi hupaa. Mwaka 2021 Bordeaux iliruhusiwa rasmi kujaribu aina sita mpya za zabibu kwa sababu ya hali ya hewa. Cabernet, iliyokuwa ikisumbua kwa kutoiva, siku hizi huiva karibu kila mwaka. Ningekuwa kijana mwenye shamba huko, ningejua la kupanda.

Basi nichukue ipi?

Unafungua sasa hivi, utakunywa bila chakula, mmoja kati ya wageni hajazoea: Merlot, bila kufikiri mara mbili.

Mezani kuna nyama nyekundu yenye mafuta, au jibini gumu lililokaa: Cabernet. Protini na mafuta hupokea zile tanini badala ya mate yako, na kinywaji kilichokukunja uso peke yake kinalegea ghafla. Kuku, uyoga, mchuzi wa nyanya: Merlot inaelewana navyo zaidi. Chakula chenye pilipili nyingi hakiipendi yoyote kati yao. Pombe huchochea moto na tanini hukaza, ingawa Merlot yenye asilimia ndogo inavumilika. Samaki mwepesi ungemtafutia kitu kingine.

Zawadi ambayo hujui itafunguliwa lini: Cabernet, maana itastahimili kusahauliwa. Na kama wewe mwenyewe umewahi kusema hupendi mvinyo mwekundu, rudi kwenye lile swali la ukali, ujue ni upi kati ya mitatu uliokukera. Mara nyingi ni ukakasi wa Cabernet changa uliyopewa kwenye sherehe.

Kabla ya kumimina

Usemi kwamba mwekundu hunywewa kwa joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya za zamani, zenye ubaridi. Nyuzi 16 hadi 18 zinatosha kwa Cabernet, na Merlot inakubali kushuka kidogo chini ya hapo. Chumba chako kikiwa na nyuzi 25 au zaidi, weka chupa kwenye friji nusu saa. Mvinyo wa moto hunukia spiriti. Wa baridi mno nao huuma: ubaridi huongeza ukakasi, kwa hiyo Cabernet iliyolala kwenye friji tangu jana itaonekana katili kuliko ilivyo.

Cabernet changa imimine kwenye jagi pana saa moja au mbili kabla. Kung'oa kizibo na kuiacha chupa imesimama hakusaidii kitu, shingo ni nyembamba mno. Nilijifunza hili kwa bahati. Niliwahi kuichukia Cabernet moja usiku, nikairudishia kizibo kwa hasira, kesho yake nikamimina ili tu isipotee bure, na ilikuwa tamu kuliko chochote nilichokunywa mwezi ule. Merlot haihitaji hayo. Dakika chache kwenye glasi, basi.

Lakini hakuna maelezo yatakayokufundisha kama kuziweka mbili pamoja. Chukua Merlot na Cabernet za eneo moja, za mwaka mmoja, ikiwezekana za mtengenezaji mmoja, ili kinachobaki kutofautiana kiwe zabibu. Anza na Merlot. Ukianza na Cabernet, fizi zitakuwa zimeshakauka, na Merlot utaiona kama maji. Shika kila funda mdomoni sekunde tano na usitafute matunda. Sikiliza katikati ya ulimi, halafu fizi. Kula kipande cha jibini, rudia.

Zikibaki, tafuta glasi ya tatu. Mimina Cabernet vidole viwili, juu yake Merlot kidole kimoja, zungusha, onja. Kisha geuza vipimo. Mojawapo ya glasi hizo utaimaliza kabla ya nyingine, na ukifika tena kwenye rafu utajua kama wewe ni wa ukingo wa kushoto au wa kulia.